Je, Wajua? Kwa Nini Wagonjwa Huchagua Upasuaji wa Dole Gumba

Je, wajua kuwa ukibana kitu kwa nguvu ya kilo 1 kati ya dole gumba na kidole cha shahada, kiungo cha shina la dole gumba hubeba takribani kilo 12? Mama wa Newala anayemenya ganda la ndani la korosho kwa kisu kidogo, au fundi wa Masasi anayeshika patasi kuchonga mpingo, hukitwisha kiungo hicho mzigo huo kutwa nzima.

Umri ukisonga, gegedu hulika na mifupa husagana. Wanawake waliokoma hedhi huathirika zaidi.

Matibabu huanza kwa kupumzisha mkono, kuvaa banzi, dawa za maumivu, pengine sindano ya kiungo. Wanaochagua kisu ni wale ambao hayo yote hayakuwafaa: maumivu yanawanyima usingizi, na kufungua chupa, kukamua nguo au kufunga kifungo kumekuwa mtihani. Picha ya eksirei pekee haiamui, kwani wapo waliosagika sana wasioumwa.

Upasuaji wa kuondoa trapezia, kifupa kilicho kwenye shina la dole gumba, ulioelezwa na daktari Mwingereza W. H. Gervis mwaka 1949, huwapunguzia wengi maumivu. Nguvu za mkono hurudi taratibu, kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo mkulima wa korosho ajadiliane mapema na daktari, tarehe ya upasuaji isigongane na mavuno.

Maumivu ya kudumu si ya kuvumilia kimya. Nenda ukapimwe.