Upelelezi vitani: macho ya kamanda kabla ya bunduki

Wasikilizaji wetu wa Geita mnajua: mchimbaji hashuki duarani kabla ya kumuuliza aliyetoka zamu kama matimba yako imara na maji yamefika wapi. Upelelezi wa jeshi ni kazi ya namna hiyo. Humwambia kamanda kilichopo mbele kabla hajapeleka watu.

Maswali ni machache: adui ni wangapi, wako wapi, wana silaha gani, wanaweza kufika lini? Majibu hutoka kwa askari wa doria, wenyeji, mateka, barua zilizokamatwa, mawasiliano ya redio na, siku hizi, ndege zisizo na rubani. Taarifa moja haitoshi; hulinganishwa na nyingine.

Mfano tunao hapa nchini, Tanga, Novemba 1914. Waingereza walileta kwa meli askari wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Jenerali Aitken. Tarehe 2, manowari HMS Fox ilitangulia kuwataka Wajerumani wasalimu amri. Hapo siri ikatoka. Kisha muda ukapotea kutafuta mabomu bandarini, ambayo hayakuwapo. Aitken aliwadharau waliokuwa mbele yake, wala hakutuma watu wa kuchunguza ipasavyo.

Kamanda wa upande wa pili, Lettow-Vorbeck, alitumia muda huo kuleta askari kwa reli kutoka Moshi. Usiku wa kuamkia tarehe 4 alipanda baiskeli, akazunguka mjini kujionea mwenyewe. Siku hiyo, akiwa na askari kama 1,000, wengi wao Waafrika, alishinda. Waingereza waliondoka tarehe 5. Mamia ya askari wao walikuwa wameuawa au kujeruhiwa, na waliacha bunduki, bombomu na mamia ya maelfu ya risasi.

Funzo ni kwamba taarifa haina faida kama mkubwa haitafuti wala haisikilizi. Na anayelipa kwanza ni askari wa chini.

Hata sungusungu wetu wa Shinyanga, mwano ukipigwa kwamba ng'ombe wameibwa, huanza na nyayo: ni nyingi kiasi gani, zimeelekea wapi? Nawe ukitoa taarifa kijijini, sema ulichokiona mwenyewe, kisha useme kando ulichosikia kwa watu. Ukivichanganya, unaweza kumpeleka jirani yako penye hatari, au kumtia matatani asiye na kosa.