SHERIA NA SHAMBA: MAELEZO KWA WAKULIMA WA UNGUJA NA PEMBA

Wananchi wengi hudhani kuwa sheria ni jambo la mahakama na Baraza la Wawakilishi, na kilimo ni jambo la jembe na mvua. Lakini mkulima wa Pemba anayeanika karafuu zake juu ya jamvi yumo ndani ya sheria tangu anapopanda mche hadi anapoufikisha mzigo wake kituoni. Yafuatayo ni maelezo ya jinsi hali hiyo ilivyotokea.

Mwaka 1934, katika zama za utawala wa Waingereza, ilitungwa sheria ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika waliozama katika madeni yasihamie mikononi mwa wakopeshaji wa Kihindi. Mwaka 1937 ikafuata sheria iliyoipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu haki ya pekee ya kununua karafuu za kusafirishwa nje. Wafanyabiashara wa Kihindi waliipinga, na India, iliyokuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa, ikazisusia karafuu za Zanzibar. Mgogoro huo ulimalizika kwa mapatano mwaka 1938, lakini fikra ya kuwa na mnunuzi mmoja haikuondoka.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 kazi hiyo ilishikwa na Shirika la Taifa la Biashara, yaani ZSTC. Hoja ya utaratibu huu inafahamika: ubora wa karafuu hulindwa, na nchi hupata fedha za kigeni za kuendeshea skuli na hospitali. Hata hivyo, haki inataka upande wa pili nao usemwe. Katika miaka ya 1970 na 1980 mkulima alilipwa sehemu ndogo sana ya bei ya dunia. Indonesia, iliyokuwa ikinunua karafuu zetu kwa ajili ya sigara zake, ilipojitosheleza kwa mazao yake yenyewe, bei ya dunia nayo ikaporomoka. Karafuu za Pemba zikawa zinavushwa usiku kwa mashua kwenda Mombasa. Adhabu za magendo zilikuwa kali, na bado mashua hazikukoma. Lililo baya zaidi ni kuwa mikarafuu mizee ilikufa bila ya kupandwa mipya, kwani mche huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, na mtu hawezi kungoja muda wote huo kwa bei asiyokuwa na imani nayo. Mwaka 2011 Serikali iliipandisha bei kwa kiasi kikubwa na kuahidi kuwa mkulima atapata asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Magendo yakapungua, na miche ikaanza kutafutwa tena.

Ama kuhusu ardhi yenyewe, Tamko la Machi 1964 liliifanya kuwa mali ya Serikali, na kuanzia mwaka 1965 zaidi ya familia 20,000 zilipewa eka tatu tatu. Aliyepewa alipata haki ya kulima na kuvuna. Ruhusa ya kuuza hakupewa. Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 1992 iliendeleza msingi huo: ardhi ni ya umma, nayo imewekwa chini ya Rais kwa niaba ya wananchi. Tatizo la sasa ni la hesabu. Eka tatu za babu, wakizigawana wajukuu kumi, hazimtoshi hata mmoja wao kulisha nyumba yake.

Na hapo ndipo suala la chakula linapoingia. Sheria ya Uhakika wa Chakula na Lishe ya mwaka 2011 imeitambua haki ya kila mtu kupata chakula. Lakini sehemu kubwa ya mchele tunaokula hutoka Bara la Asia, na kila uamuzi juu ya ushuru wake una pande mbili. Ushuru ukishushwa, mama wa Ng'ambo hupika kwa nafuu, naye mkulima wa mpunga wa Cheju hukuta gunia lake halimrejeshei gharama ya trekta. Ukipandishwa, mambo hugeuka. Hakuna sheria moja inayoweza kuwaridhisha wote wawili kwa msimu mmoja. Kwa hiyo mkulima anapoulizwa maoni na wajumbe wa Baraza, au anapoitwa mkutanoni na sheha, asione kuwa anapotezewa wakati wa palizi, maana bei ya gunia lake hujadiliwa huko kabla ya mbegu kumwagwa.