Siku UNIX Ilipogeuka NUXI

Haya wajukuu, sogeeni. Leo hadithi ni ya mfumo uliotaka kuhama nyumba.

Mwaka 1969, katika maabara za Bell Labs huko Marekani, Ken Thompson alianza kuandika mfumo endeshi ulioitwa Unix. Aliuandika kwa asembli, lugha inayoelewana na aina moja tu ya mashine. Ukipata mashine ya aina nyingine, unaanza upya. Mwenzake, Dennis Ritchie, akabuni lugha ya C, na mwaka 1973 Unix ikaandikwa upya kwa C.

“Babu, si shida imekwisha hapo?”

Thubutu! Mashine yao, PDP-11, ilikuwa na int, yaani namba kamili ya C, ya biti 16. Ukiongeza moja juu ya 32,767, inarukia −32,768. Mwaka 1977 Ritchie na Steve Johnson wakaanza kuihamishia Unix kwenye Interdata 8/32, yenye int ya biti 32. Huko hesabu ileile inatoa 32,768. Programu moja, majibu mawili!

Tena mashine hizo hazipangi baiti sawasawa: moja hutanguliza baiti ndogo, nyingine kubwa. Neno UNIX likisomwa baiti mbilimbili kwa mpangilio usio wake, UN inakuwa NU, IX inakuwa XI. Ndiyo maana kasoro hiyo ikaitwa tatizo la NUXI.

Dawa yake ni kutoidhania mashine. Ukitaka biti 32, andika int32_t, iliyokuja na kanuni za C za mwaka 1999. Ukitaka kujua ukubwa wa kitu, tumia sizeof. Ukiandika namba kwenye faili, amua mwenyewe baiti ipi itangulie.

Vifaa navyo je? Printa, tepu na terminali kila kimoja kina tabia yake. Ungeweza kujaza programu nzima “kama ni printa fanya hivi, kama ni tepu fanya vile.” Wakubwa wale hawakufanya hivyo. Kila kifaa walikipa strakti yenye vielekezi vya funksheni: kufungua, kufunga, kusoma, kuandika. Leo tungeandika:

kifaa->andika(kifaa, maneno, 100);

Ni kama kuagiza chai hotelini: unaita “chai moja!” bila kuuliza nani yuko jikoni. Printa itaandika kiprinta, tepu kitepu. Data na kazi zake vimekaa pamoja, na anayeita haoni ya ndani. Huo ndio moyo wa programu za vitu (object-oriented), ingawa C haina darasa hata moja. Linux inafanya vivyo hivyo hadi leo kwa strakti iitwayo file_operations.

Kwa hiyo, kinachobadilika kitengeeni mahali pamoja. Kifaa kipya kikija, mtajaza strakti moja tu, na kwingine hamgusi. Ila jazeni kila kielekezi: ukiacha kimoja kitupu, kisha programu ikakiita bila kukikagua, itaanguka, na C haitakuwa imekuonya.