Je, Wajua? Shokapu ya Baiskeli Hupimwa kwa Uzito Wako

Je, wajua kuwa shokapu ya baiskeli ya milimani inatakiwa kubonyea hata kabla hujakanyaga pedali? Ukiipanda ukiwa na begi, maji na viatu vya safari, uma wa mbele uzame asilimia 20 hadi 30 ya mwendo wake. Kwa uma wa milimita 100, hiyo ni milimita 20 hadi 30. Kuzama huko si hasara: ndiko kunakoliwezesha gurudumu kufuata shimo na kushika ardhi badala ya kuning'inia.

Kupima ni rahisi. Sukuma kipete cha mpira kilicho kwenye mguu wa uma hadi chini, panda taratibu bila kudunda, shuka, kisha soma kilipobaki. Uma wa upepo umezama mno? Ongeza upepo, tena kwa pampu ya shokapu, si ya matairi.

Kinachosahaulika zaidi ni kasi ya kurudi juu, ambayo mara nyingi hurekebishwa kwa kitufe chekundu. Shokapu ikirudi haraka mno, usukani hukurusha. Ikichelewa, kwenye mizizi na mawe yanayofuatana uma huzidi kuzama hadi unakuwa mgumu kama gongo.

Wala si mambo ya milimani tu. Mwaka 1992 Mfaransa Gilbert Duclos-Lassalle alishinda Paris–Roubaix, mashindano ya barabara zilizotandikwa mawe, akitumia uma wenye shokapu wa kampuni ya RockShox. Mwaka 1993 akashinda tena.