Mapasa wanazaliwa, nyimbo ziko wapi?

Kwa Baluba wa Katanga, mapasa wakizaliwa, hakuna kutafuta majina: ni Kyungu na Kabange. Kwa Baluba wa Kasai ni Mbuyi na Kabanga, na mtoto anayewafuata ni Kanku. Baba naye anakuwa Shamapasa. Majina yale yangali mengi hapa Lubumbashi, hata ku kazi. Kile kinapotea njo nyimbo.

Nyimbo za mapasa si za kanisa. Ni matusi, tena makali: bamama wanaimba, wanacheza, wanachokoza upande wa baba na upande wa mama, na hakuna muntu anakasirika. Siku ingine, neno moja tu la vile lingeleta magomvi mu parcelle. Vijana wengi leo wanasikia haya, na wachungaji wengine wanazikataza kabisa.

Mu kambi za Union Minière, kampuni ilishika kuzaliwa na kufa. Mama alizalia ku maternité ya kampuni, mtoto akapimwa kilo. Mfanyakazi akifa, kampuni ilisaidia maziko. Lakini ngoma ya mapasa na kilio vilibakia mu mikono ya familia, mu lupango, usiku. Gécamines ilipoanguka, na mu mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wakatoka ku kazi, sanduku la mufu likakuwa mchango wa jirani na ndugu. Kulala ku kilio kunakula makuta, njo maana siku zinapunguzwa.

Si kila desturi ya kilio tunailia. Ndugu za marehemu kuingia mu nyumba, kubeba vitanda na frigo mbele ya mujane, ile iishe! Code de la famille ya mwaka 1987 inapatia watoto sehemu tatu juu ya nne za urizi.

Lakini nyimbo zile hazikunyanganya muntu kitu. Tangu mwaka 2000, watu wa Université de Lubumbashi na wa Musée national, mu kazi inayoitwa Mémoires de Lubumbashi, wanakusanya habari za maisha ya wakaaji wa muji. Ni vizuri. Lakini nkambo yuko nyumbani, na telefone iko mu mufuko. Mumuombe aimbe, na mumuitie wenzake wa kumuitikia, juu wimbo wa mapasa hauimbwi na muntu mumoja.