Nguvu Zisizoombwa: Wasomaji wa Kampala na Riwaya ya Kintu
Sehemu ya Pili

Juma lililopita tulimwacha mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Mohammed Said Abdulla iliyoshinda katika shindano la East African Literature Bureau la 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960, maiti inakutwa mzimuni, watu wananong'ona, na mwishowe mpelelezi anatuonyesha kuwa muuaji ni binadamu mwenye sababu za kibinadamu. Mzimu ulisingiziwa tu. Msomaji anafunga kitabu roho imetulia. Leo tunavuka ziwa kwenda Kampala, kwa mwandishi asiyempa msomaji utulivu huo, na kwa wasomaji ambao tangu mwaka 2014 hawajaacha kubishana juu ya kitabu chake.

Jennifer Nansubuga Makumbi alizaliwa Kampala na anaishi Manchester, Uingereza. Mswada wa Kintu ulishinda shindano la Kwani?, wachapishaji wa Nairobi, mwaka 2013, na kitabu kikatoka mwaka uliofuata. Mwenyewe amesimulia jinsi wachapishaji wa Uingereza walivyoukataa kabla ya hapo kwa kuwa eti ulikuwa wa Kiafrika mno. Toleo la Marekani lilitoka mwaka 2017, la Uingereza mwaka 2018, na mwaka huo huo wa 2018 akapewa tuzo ya Windham-Campbell. Mpangilio huo wa miaka una uzito wake. Safari hii mabishano ya nyumbani yalitangulia ya ugenini, na hakuna mhakiki wa London aliyewahi kuwaambia watu wa mtaa wa Wandegeya, Kampala, kitabu kinahusu nini kabla hawajakisoma wenyewe.

Kwa ambaye hajakishika: riwaya inafunguka Bwaise, mtaa wa mabondeni kaskazini mwa Kampala, mwezi Januari 2004. Kijana aitwaye Kamu Kintu anatolewa nyumbani kwake na watu wanaojidai kuwa na shughuli naye rasmi. Njiani mtu mmoja anapaza sauti kuwa huyo ni mwizi, na umati unamaliza kazi. Kisha ghafla tunarudishwa mwaka 1750. Kintu Kidda, mtawala wa Buddu katika ufalme wa Buganda, anakwenda mji mkuu kumwamkia kabaka mpya. Amefuatana na Kalema, mtoto wa kulea, mwana wa Mnyarwanda aitwaye Ntwire. Wakiwa katika nyika ya Lwera, ambayo leo basi la Masaka huikata abiria akiwa anasinzia, Kalema ananywea kibuyu cha Kintu. Kintu anampiga kofi moja la kumkanya. Mtoto anaanguka na kufa. Anazikwa harakaharaka, karibu na kaburi la mbwa, na Kintu anarudi nyumbani bila kumwambia Ntwire neno. Ntwire akishajua, anamlaani yeye na kizazi chake chote: vifo vya ghafla, wazimu, kujiua.

Sehemu zinazofuata zinaturudisha karne yetu, kwa watu wanne wa ukoo huo ambao hawajuani. Hapo ndipo nguvu zisizoombwa zinapoingia. Suubi anaandamwa na pacha wake aliyekufa, na yeye anashikilia kwamba hakuwahi kuwa na pacha. Miisi, msomi aliyerudi kutoka masomoni Ulaya na asiyeamini lolote lisilopimika, anaanza kujiwa ndotoni na mtu aliyefunikwa na nyuki, ambaye ana kazi ya kumpa. Hakuna kati yao aliyeomba. Suubi angetoa chochote aachwe alale.

Watu wa pwani watalitambua jambo hili mara moja. Hakuna anayejichagulia kuwa kiti cha pepo. Pepo ndiye anayempenda mtu, na dalili ya kupendwa ni maradhi yasiyosikia dawa hadi mgonjwa akubali kuingizwa kilingeni. Buganda nako ni hivyo hivyo: anayetakiwa na lubaale, roho mkuu wa Kiganda, awe mmandwa wake, yaani kiti chake, huanza kwa kuugua, au kuota, au kuonekana kama amerukwa na akili. Kukataa kunaruhusiwa, ila kunagharimu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo Makumbi alipoichimbia taharuki ya kitabu chake. Hatutishi kwa kuuliza kama mizimu ipo. Swali linalotufanya tugeuze kurasa ni nani atachaguliwa, na je, anaweza kusema hapana?

Tofauti inaonekana vizuri ukikiweka kitabu hiki karibu na The Dead Zone cha Stephen King, kilichotoka Marekani mwaka 1979. Mwalimu wa shule anazinduka baada ya kulala hospitalini miaka karibu mitano bila fahamu, na tangu hapo akigusa mkono wa mtu anaona yatakayomfika. Yeye pia hakuomba. Lakini nguvu ile ilimpata peke yake kwa sababu ya ajali, inamtenga na watu, na akifa imekwisha. Ya Suubi na Miisi ni deni la ukoo. Imewafikia kwa damu, haiondoki kwa kifo cha mmoja, na dawa yake haipatikani mpaka ndugu wasiojuana wakae chini pamoja. Msomaji wa Kampala anapolalamika, kama nilivyowasikia wengi wakilalamika, kwamba kitabu kina majina mengi mno na kwamba kila unapomzoea mtu unanyang'anywa, analalamikia kitu hicho hicho bila kujua. Kitabu cha mtu mmoja kingekuwa chepesi, lakini ukoo hauwi wa mtu mmoja.

Nilitegemea kukuta wasomaji wamegawanyika kati ya wanaoamini na wasioamini. Sivyo walivyogawanyika. Chukua waliookoka. Uganda ilikuwa kimojawapo cha vitovu vya uamsho wa Balokole, tangu Simeoni Nsibambi na Mwingereza Joe Church walipokutana Kampala mwaka 1929, na Makumbi amewachora watu wa aina hiyo katika Kanani, mzee wa Kianglikana mwenye dini kali na nyumba yenye siri nzito. Wasomaji waliookoka huisoma sehemu hiyo wakiwa wamenuna. Wanasema amewadhihaki. Lakini ukiwauliza habari ya laana yenyewe, hawana shaka nayo hata kidogo! Makanisa mengi ya kilokole mjini leo huhubiri kuvunja laana za ukoo, na kuna mikesha ya kazi hiyo tu. Kwa hiyo mlokole na mganga wamekubaliana juu ya ugonjwa. Wanagombania dawa. Kinachomkera mlokole ni kwamba mwishoni ukoo unakwenda kijijini kufanya matambiko na hauendi madhabahuni.

Upande wa pili wako wasomaji wa tiba. Hawa husoma kitabu kizima kama faili la Butabika, hospitali kuu ya magonjwa ya akili iliyoko Kampala. Wanasema wazimu na kujiua hurithiwa, kwamba pacha aliyefiwa na pacha ana majonzi yasiyo na jina nyumbani kwao, kwamba msomi aliyezika watoto wengi lazima aote ndoto mbaya. Wana hoja, na mwandishi amewaachia mlango wazi makusudi. Ameeleza katika mahojiano kuwa baba yake mwenyewe alikamatwa na kuteswa zama za Idi Amin na akili yake haikurudi sawa, na kwamba alikulia katika mazingira ambamo jambo la namna hiyo lilitafutiwa asili katika ukoo. Msomaji akishalijua hilo, Miisi hawi tena mfano wa kubuniwa kwa ajili ya hoja.

Ila kuna kundi la tatu, dogo, ambalo lilinifungua macho zaidi kuliko hayo mawili: wasomaji wenye asili ya Masaka na Rakai, waliokuwa vijana miaka ya 1980. Buddu ya Kintu Kidda ndiyo Masaka ya leo, na upande huo huo, katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero, ndiko ukimwi ulikoonekana kwanza Uganda mwaka 1982. Watu waliuita Slim kwa jinsi ulivyokondesha. Wengine walisema ni uchawi wa wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa mali kule mpakani. Kwa miaka kadhaa familia nzima nzima zilizikwa, moja baada ya nyingine, na waliobaki walikuwa bibi na wajukuu. Makumbi ameuingiza ugonjwa huo katika ukoo wa Kintu: Miisi amezika watoto kwa sababu yake, na Isaac Newton Kintu, ambaye jina lake tu linachekesha na kuumiza, anaishi akiamini kuwa anao, hadi kipimo kinapomwambia hana.

Muuguzi mmoja mstaafu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini ambaye vijana katika kikao kimoja cha wasomaji walimwita Nnalongo kwa heshima ya mapacha aliowazaa, alieleza kwamba alipokifikia kipande hicho alikiweka kitabu kando kwa siku kadhaa. Mabishano ya laana au virusi yalimchosha. Alisema waliokuwa wakifa walikuwa wakiuliza vyote viwili katika pumzi moja, na asubuhi mtu alikunywa dawa ya hospitali na jioni ya mganga, na hakuna aliyeona kuna mgongano. Kijana mmoja wa chuo alijaribu kumrekebisha. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndiyo, ssebo," akaendelea na chai yake.

Hata dola imewahi kukwama hapo. Sheria ya uchawi ya Uganda ni ya mwaka 1957, ya wakoloni, na mwaka 1997 Mahakama ya Katiba iliona kwamba kosa lenyewe halikufafanuliwa kiasi cha mtu kujua anashtakiwa kwa lipi, na kwamba kumfukuza mtu kijijini kwake ni kinyume cha katiba. Majaji hawakulazimika kusema kama uchawi upo. Huo ni ustadi ambao waandishi wa riwaya wangeuonea wivu.

Msomaji wa Uganda ana sababu nyingine ya kutochukulia nguvu za aina hii kama burudani. Mwaka 1985 mwanamke wa Kiacholi aitwaye Alice Auma, aliyekuwa akichuuza samaki na unga, aliingiwa na roho iliyojiita Lakwena. Mwanaanthropolojia Mjerumani Heike Behrend, aliyeandika habari zake, anaeleza kuwa mwanzoni alipoteza kusikia na kusema, na baba yake akamzungusha kwa waganga bila mafanikio. Baadaye akaenda Paraa, kwenye mbuga ya maporomoko ya Murchison, na aliporudi alikuwa mponyaji. Mwezi Agosti 1986 roho ikamwamuru aache uganga na kupigana vita. Jeshi lake, lenye askari waliopakwa mafuta ili risasi zisiwapate, lilifika karibu na Jinja mwishoni mwa mwaka 1987, kama saa mbili kwa gari kutoka Kampala, kabla ya kusambaratishwa. Alikimbilia Kenya, akafia katika kambi ya wakimbizi ya Ifo mwezi Januari 2007. Maelfu walikufa nyuma yake. Kwa hiyo mtu wa Gulu, mji wa Waacholi, anaposoma habari za Miisi na nyuki wake, hajiulizi kama jambo hilo linawezekana. Anajiuliza litaishia wapi.

Na linaishiaje? Hapo ndipo mabishano ni makali, na hapo ndipo mimi nasimama na wanaokilaumu kidogo kitabu hiki. Ukoo unakutana Buddu, matambiko yanafanyika, Suubi na pacha wake wanakabiliana katika kurasa ambazo sijui nyingine zinazozifikia katika riwaya za Uganda. Kisha habari za Bwaise zinamfikia Miisi: yule Kamu wa ukurasa wa kwanza alikuwa mwanawe. Akili yake inakatika. Wasomaji wengine wanasema ni haki, kwa kuwa aliitikia wito kwa miguu tu huku moyo wake ukiwa mbali. Wengine wanasema ni ukatili, kwamba mtu mmoja tu katika kitabu kizima aliyejaribu kuelewa kwa akili ndiye aliyeadhibiwa. Mimi naona mwandishi alikuwa na haraka mwishoni. Pigo kubwa kiasi hicho lilihitaji nafasi zaidi, na msomaji anaachwa akikisia yale ambayo alistahili kuyaona.

Makumbi mwenyewe alilirudia jambo hili mwaka 2020 katika The First Woman, kitabu kilichopata tuzo ya Jhalak mwaka uliofuata. Safari hii mwenye nguvu ni msichana. Kirabo, wa kijiji cha Nattetta, ana nafsi mbili, na moja huruka ikamwacha chini. Anakwenda kwa siri kwa Nsuuta, bibi kipofu ambaye kijiji kinamwita mchawi, kuomba aondolewe nafsi hiyo. Anachoambiwa kinaigeuza juu chini hoja yote ya Kintu, na wasomaji wanawake wa Kampala waliligundua hilo mapema kuliko wahakiki. Wasichana wa sekondari huuliza kwa nini Kirabo atake kuondolewa kitu kizuri namna ile. Mama zao hawaulizi.

Juma lijalo: Nsuuta na wasomaji wake.