Mumosho: «Leo kuko nini?», swali ambalo shamba ndilo hulijibu

Kwenye malewa za Mumosho hakuna karatasi ya kuchagulia chakula. Mtu anainama kidogo mlangoni, anasalimia waliomo, anakaa kwenye benchi ya mbao, kisha anauliza: «Leo kuko nini?» Mama anayepika hataji kila kitu anachojua kupika. Anataja sufuria mbili au tatu zilizo motoni. Mwezi wa kumi anaweza kujibu: bugali na mushogoro. Karibu na Bonane: maharagi mabichi na ndizi. Mwezi wa saba: sombe, na maharagi makavu kwa anayeweza kungoja. Swali halibadiliki mwaka mzima. Jibu ndilo linalogeuka pamoja na mvua.

Mgeni kutoka mjini anaweza kufikiri kwamba huu ni umaskini wa jikoni. Sivyo, au si hivyo tu. Mumosho iko wilayani Kabare, kusini mwa Bukavu, kando ya mto Ruzizi unaotoka ziwa Kivu na kuteremka hadi ziwa Tanganyika. Ziwa Kivu liko kwenye mita karibu 1,460 juu ya bahari, Tanganyika kwenye mita kama 770. Katikati ya tofauti hiyo kuna vilima vya maharagi na ndizi, halafu kuna bonde la joto la Ruzizi lenye mpunga na michikichi. Mumosho inakaa karibu na mwanzo wa mteremko huo. Sambaza zinatoka upande wa ziwa, mchele na mawese vinapanda kutoka upande wa Kamanyola na Uvira, na vilivyobaki vinatoka kwenye mashamba yanayoonekana kutoka mlangoni. Ni malewa chache zilizo na bahati kama hiyo.

Neno malewa lenyewe halihitaji kufafanuliwa kwa Mkongomani. Werrason alilitia kwenye jina la albamu yake «Techno Malewa» mwaka 2009, na tangu hapo hata asiyekula huko analijua. Ni restora ya watu wenye haraka na pesa kidogo: ukuta wa mbao, mabati juu, babula mbili au tatu, meza iliyofunikwa kitambaa cha plastiki. Wanaokula ni wamotari, wafyatua matofali, walimu, akina mama wanaobeba mizigo kwenda au kutoka sokoni, madereva wanaoelekea Uvira. Wengi wao hula mara moja tu kabla ya usiku.

Mwaka wa shamba katika Kabare unajulikana na kila mtoto. Msimu A unaanza mvua zinaporudi mwezi wa tisa na kuishia mwezi wa kwanza. Msimu B unapandwa mwezi wa pili au wa tatu na kuvunwa karibu na mwezi wa sita. Kati ya hapo na mwezi wa tisa ni kiangazi, na wenye kipande cha ardhi kwenye kinamasi wanalima msimu C: kabichi, lengalenga, mahindi kidogo. Lakini kwa mama wa malewa, mwaka huo una jina moja kubwa: maharagi.

Fuatilia harage moja tangu mvua za kwanza. Linapandwa mwezi wa tisa. Wiki chache baadaye linatoa majani laini, na majani hayo ndiyo mushogoro. Yanachumwa machanga kabla mmea haujachanua, yanaoshwa, yanakatwa, yanachemshwa, kisha yanatiwa mawese, kitunguu na chumvi, na sambaza chache zilizokaushwa kama mfuko unaruhusu. Ni mboga ya rangi ya giza, yenye uchungu mdogo mwishoni, na bugali wa muhogo unaipokea vizuri kuliko wali. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, wakati ghala za nyumbani zimebaki vumbi, mushogoro ndio unaobeba sahani.

Hapo ndipo kuna hesabu ambayo mlaji haioni. Kila jani linalochumwa limetolewa kwa harage la kesho. Chuma kidogo, mmea unaendelea. Chuma sana, maganda yanakuwa machache. Mama anayenunua mushogoro kwa mkulima jirani anajua kwamba ananunua sehemu ya mavuno yake mwenyewe ya Januari, kwa sababu maharagi hayohayo ndiyo atakayotafuta baadaye. Wakulima wenye busara huchuma safu kwa safu na kuacha kila mmea upumue. Wenye njaa hawawezi kungoja hivyo, na hakuna wa kuwalaumu.

Baadaye maganda yanajaa. Karibu na Noeli na Bonane, kabla hayajakauka, yanavunwa maharagi mabichi. Hiki, kusema kweli, ndicho chakula kizuri kuliko vyote vinavyopikwa Mumosho. Punje ni nene, ngozi ni nyembamba, supu inakuwa nzito yenyewe bila kutiwa kitu. Yakipikwa pamoja na ndizi mbichi zilizomenywa, sufuria moja inatosha kwa meza nzima. Hayahitaji nyama. Pilipili ya kusaga pembeni, avoka moja iliyopasuliwa, basi.

Kuna sababu nyingine ya akina mama kuyapenda, na hiyo ni ya makala. Maharagi makavu yanakaa motoni saa mbili, tatu, hata kama yamelala ndani ya maji usiku kucha. Mabichi yanaiva kwa muda mfupi zaidi. Tena maharagi yaliyowekwa muda mrefu yanazidi kuwa magumu. Kwa hiyo yale ya mwezi wa kumi na moja, ambayo yamekaa ghalani tangu mwezi wa sita, yanakula mara mbili: kwanza pesa ya murongo sokoni, kisha pesa ya makala kwenye babula. Na wakati huo ni wa mvua, makala yenyewe yana unyevu.

Jambo moja lazima lisemwe hapa. Kwenye mto huohuo, katika Mumosho hiihii, kuna kituo cha umeme cha Ruzizi II, ambacho kimekuwa kikifanya kazi tangu 1989 kwa ajili ya Kongo, Rwanda na Burundi. Maharagi ya hapa bado yanapikwa kwa makala na kuni.

Mboga nyingine nazo zina zamu zake. Bishusha, majani ya maboga, yanakuja na mvua. Kazi yake ni ya subira, maana kila kikonyo kinachunwa nyuzi kwa kucha kabla ya kuingia sufuriani. Uyoga unatokea siku chache baada ya mvua kubwa, unauzwa kwenye majani ya mgomba na kuisha kabla ya saa nne asubuhi. Sombe hupatikana karibu mwaka mzima kwa sababu muhogo unastahimili ukame, lakini majani ya kiangazi ni magumu, yanadai kinu zaidi na moto zaidi. Kupunguza muda wa kuchemsha sombe si jambo la kujaribu: moto na kinu ndivyo vinavyoondoa sumu iliyo kwenye jani.

Sambaza zina kalenda ambayo haifuati mvua. Zinavuliwa usiku kwa taa, samaki wakifuata mwanga hadi kwenye wavu. Mbalamwezi inapokuwa kubwa, ziwa zima linang'aa, taa inapoteza kazi, na wavuvi wengi wanabaki nchi kavu kwa siku kadhaa. Hivyo mtu akila Mumosho akakosa sambaza za kukaanga, aangalie juu usiku huo. Samaki huyu si mwenyeji wa zamani: alihamishwa kutoka Tanganyika na kutiwa ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo ni vigumu kumpata mtu wa Bukavu anayemwona kama mgeni.

Siku za mbalamwezi, malewa nyingi hutoa tomson, samaki wa baridi anayefika kwa katoni kutoka mbali. Si mbaya. Anashibisha, na watoto wanampenda. Ila ladha yake ni ileile Mumosho, Kinshasa na Lubumbashi, na haimwambii mtu kama mvua imenyesha.

Chakula ni nusu ya malewa. Nusu nyingine inaanza na maji. Kabla ya sahani kuja, msichana wa nyumba anapita na birika na beseni, anamiminia kila mmoja, mkubwa kwanza. Mgeni asiyejulikana anahudumiwa kabla ya wateja wa kila siku, na hao wa kila siku hawanung'uniki kwa sababu siku moja nao walikuwa wageni. Asiye na pesa ya sahani nzima anaomba nusu, na anaomba bila kushusha sauti. Supu inaongezwa. Hiyo ni matabishi, haihesabiwi, na mama anayeinyima anasemwa hadi sokoni. Mzee akimaliza kula anasema «koko» kwa Mashi, anapangusa mikono, anabaki kidogo kusikiliza habari za barabara. Hakuna anayemfukuza kwenye benchi ili mwingine akae. Wanasogea.

Ukarimu huo una gharama, na gharama inaonekana vizuri kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na mbili. Maharagi yakipanda bei, mama wa malewa ana njia chache. Anaweza kupandisha bei ya sahani, lakini motari aliyezoea bei moja atakula muhogo wa kuchoma njiani na hatarudi. Anaweza kupunguza kijiko, lakini wateja wanajua ukubwa wa kijiko chake kuliko yeye mwenyewe. Anaweza kuongeza maji kwenye supu, jambo ambalo kila mtu analitambua na hakuna anayelisema. Au anaweza kufungua kaye.

Kaye la madeni liko karibu kila malewa, limefungwa kwenye kikwembe au limefichwa chini ya gunia la unga. Ndani kuna majina mafupi na vijistari. Mwalimu ambaye mshahara wake umechelewa yumo. Mfyatua matofali ambaye mvua imeharibu kazi yake yumo. Deni la chakula halina riba na mara nyingi halina tarehe. Tarehe yake ni mavuno. Na mama naye anadaiwa: na muuza makala, na muuza unga, na jirani wa mushogoro. Mtu mmoja akihama bila kulipa, mnyororo mzima unavutika. Malewa nyingi hufungwa kwa njia hiyo, bila kelele. Siku moja mlango haufunguliwi tu.

Mwaka 2025 ulibana mnyororo huo kutoka pande zote. Mwezi wa pili, baada ya Goma, Bukavu nayo iliangukia mikononi mwa M23. Benki zikafungwa, noti zikawa haba. Waliokuwa na pesa kwenye simu walilazimika kukatwa kiasi kizuri ili wapate faranga mkononi, na sahani ya maharagi ni kitu cha kulipwa kwa noti ndogo. Mapigano yakashuka hadi bonde la Ruzizi, kwenye barabara ileile inayopandisha mchele na mawese. Kwa jikoni la Mumosho, barabara hiyo ikifunga, wali unatoka kwanza kwenye jibu la «Leo kuko nini?», kisha mawese yanaanza kupimwa kwa kijiko cha chai.

Kinachobaki wakati huo ni kile kilicho karibu. Muhogo ulio bado ardhini. Ndizi za nyuma ya nyumba. Lengalenga. Mushogoro uliochemshwa kwa chumvi tu. Watu wa mjini hupenda kusifu chakula cha kienyeji kana kwamba kila anayekila amekichagua. Mtu aliyekula mushogoro bila mafuta kwa wiki sita hatausifu hivyo. Lakini sahani hiyo imekuwa ikitoka, saa sita mchana, ikiwa moto, na maji ya kunawa yakitangulia.

Wilaya hiyohiyo ya Kabare ina kituo cha utafiti cha INERA Mulungu, ambacho kwa miaka mingi kimeshughulikia maharagi yanayopanda juu ya miti. Haya yanachukua muda zaidi shambani kuliko maharagi mafupi, yanahitaji vijiti virefu vya kushikilia, lakini kipande kidogo cha ardhi kinatoa zaidi. Kwenye vilima ambako mashamba yanagawanywa kila baba anapoachia wanawe, tofauti hiyo ni kubwa. Kwa malewa ina faida nyingine: maharagi mafupi yanaanza kuiva, ya kupanda yanafuata, na wiki za maharagi mabichi zinarefuka.

Wiki hizo zinapofika, malewa inabadilika sura. Gunia la maganda mabichi linamwagwa kwenye mkeka karibu na mlango, na kwa kuwa babula ni chache na wateja ni wengi, anayengoja anaanza kubambua. Hakuna anayemwomba. Motari anaweka funguo mfukoni, anachukua konzi ya maganda. Mwalimu naye. Punje nyeupe, nyekundu na za madoa zinaanguka kwenye beseni lililotumika asubuhi kunawisha mikono. Mama analeta kaye, anamsomea mmoja jina lake taratibu ili wengine wasisikie, anapokea noti mbili zilizokunjwa, anafuta mstari. Si yote, lakini mstari mmoja umetoka.

Mlangoni anainama mtu mwingine, ana matope ya Nyangezi kwenye viatu. Anasalimia, anatafuta nafasi kwenye benchi, anauliza kuko nini leo. Wanamsogezea maganda.